Kanzu Iliyoungua: Uchambuzi wa Mkanda Mmoja wa Magomeni

Picha ilikuwa ya watu wawili. Babu alivaa kanzu nyeupe na kofia ya viua. Bibi alikuwa ndani ya buibui jeusi, mikono ameilaza magotini ili hina ionekane. Ilikuwa wiki ya harusi ya mjukuu wao, Magomeni, mwanzoni mwa Machi. Nilipiga fremu 12 barazani saa sita mchana, nikausafisha mkanda usiku uleule. Hakuna hata fremu moja iliyofaa. Kanzu ilitoka kama karatasi tupu, haina mkunjo wala darizi. Nyuso zilikuwa giza lisilo na macho, na hina ya Bibi haikuwepo kabisa.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna makosa mawili yaliyobebana, na kila moja lingekuja peke yake lingesameheka. Pia kwa sababu nimekutana na vijana kadhaa hapa mjini walioanza kupiga picha za mkanda mweusi na mweupe, wakapata matokeo kama yangu, wakahitimisha kwamba mkanda ulikuwa mbovu. Mkanda wangu haukuwa na kosa.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida: kamera ya Pentax K1000, lenzi ya milimita 50, mkanda wa Ilford HP5 Plus wa ISO 400 (kipimo cha wepesi wa mkanda kupokea mwanga), na ID-11, dawa ya unga ya kusafishia mkanda, niliyoikoroga mwenyewe kwenye chupa ya lita 1. Mikanda hii haipatikani kirahisi Dar. Nililetewa miwili na rafiki aliyekuwa safarini, ikakaa kwenye friji miezi kadhaa ikisubiri kazi inayostahili. Kazi yenyewe ndiyo ilikuwa hii.

Siku yenyewe

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tupige hapahapa barazani. Hapa ndipo tulipokaa jioni ya kwanza nilipomleta."

Nyumba yao ni ile ya Kiswahili ya vyumba sita, inatazama mashariki, na paa la mabati limetokeza mbele kufunika baraza. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, kisha karibu na katikati ya Oktoba. Siku ile kivuli cha nguzo kilikuwa kimejikusanya chini ya nguzo yenyewe. Mabati yaliwafunika wazee hadi kiunoni. Kuanzia mapajani kushuka chini walikuwa juani, na kanzu iliyotandwa juu ya mapaja ya Babu iling'aa hadi inaumiza macho.

K1000 hupima mwanga kwa wastani wa eneo lote linaloonekana ndani ya kioo. Haijui uso uko wapi. Nilielekeza kamera, mshale wa kipima mwanga ukakaa sawa kwenye f/16 kwa 1/250, yaani tundu la lenzi f/16 kwa kasi ya 1/250 ya sekunde, nikauamini. Fremu zote 12 zilipigwa hivyo.

Bibi aliniuliza mara moja tu, "Hina yangu itaonekana? Wamenichora usiku kucha."

Nilimwambia itaonekana.

Usiku huo niliuvingirisha mkanda kwenye spuli ndani ya mfuko mweusi, nikamimina ID-11 bila kuiongezea maji mengine, nikahesabu dakika 7.5 kama karatasi ya mtengenezaji inavyosema, nikawa naligeuza tangi kila nusu dakika. Maji yote, hata niliyoikorogea dawa, yalitoka kwenye ndoo iliyoshinda uani. Sikuyapima joto.

Negativu zilisema nini

Kesho yake niliupeleka mkanda kwa mzee mmoja ambaye alifanya kazi kwenye chumba cha giza cha studio ya Kariakoo miaka mingi, kabla kamera za dijitali hazijaingia. Aliuinua dirishani, na kitu cha kwanza alichokitazama hakikuwa picha. Alitazama pembeni, penye namba za fremu na jina la mkanda.

"Maji ulipima?"

"Sikupima, mzee."

"Hii umeichemsha."

Nilimwomba anieleze amejuaje. Maandishi yale ya pembeni hupigwa mwanga kiwandani, kila mkanda kwa kiwango kilekile, kabla haujafika mikononi mwa mtu. Kamera yako haina habari nayo. Kwa hiyo yanaeleza jambo moja tu, yaani dawa ilifanya kazi kiasi gani. Yakitoka hafifu, hukusafisha vya kutosha. Yakitoka meusi tii na kingo zake zimevimba, umepitiliza. Yangu yalikuwa yamevimba. Tangu siku hiyo sitazami tena negativu yoyote kabla ya kutazama kingo zake, na sijui kipimo kingine cha bure kinachosema kweli kama hicho.

Kisha akalaza fremu moja juu ya gazeti. Kwenye negativu mambo huwa yamepinduliwa: kilichokuwa cheupe huwa kizito na cheusi, kilichokuwa cheusi huwa chepesi na angavu. Negativu nzuri, hata pale palipo pazito kuliko pote, ukiilaza juu ya gazeti penye mwanga wa kutosha unaziona herufi kwa shida. Kupitia kanzu ya Babu hapakuonekana hata mstari. Akasogeza kidole hadi kwenye buibui. Hapo herufi zilionekana kama vile juu yake hakuna kitu.

"Huku dawa imezidi. Huku mwanga haukufika. Ni magonjwa mawili, kijana, usiyatibu kwa kidonge kimoja."

Hapo ndipo ilipo shida yenyewe, na inafaa kukaa nayo kidogo. Mkanda una chembechembe za chumvi za fedha zilizoshikwa ndani ya utando wa jelatini. Palipoangukiwa na mwanga mwingi, chembe nyingi zimeamshwa, na dawa huendelea kuzigeuza kuwa fedha nyeusi dakika baada ya dakika. Palipopata mwanga kidogo, zilizoamshwa ni chache, huisha mapema, na dawa haina tena cha kugeuza. Kwa hiyo ukiongeza muda au joto, sehemu angavu hupanda sana, za kivuli hupanda kidogo mno. Ferdinand Hurter na Vero Charles Driffield walilipima jambo hili Uingereza na kulichapisha mwaka 1890, na mkunjo waliouchora ndio unaochorwa mpaka leo kwenye karatasi za watengenezaji: unaanza umelala, unapanda kwa mteremko, kisha unaanza kulala tena juu. Kadiri unavyosafisha zaidi ndivyo mteremko unavyosimama wima. Ile sehemu ya chini iliyolala haisogei kwa maana.

Kivuli kisichopata mwanga kwenye kamera, basi, hakiokolewi na dawa. Mwangaza unaamua upande wa giza, muda wa dawa unaamua upande wa nuru. Mimi nilikosea pande zote mbili, na kila kosa lilisukuma mbali na mwenzake.

Kulijenga upya tukio

Nilitaka kujua nilikosea kwa kiasi gani, siyo tu kwamba nilikosea. Mchana uliofuata nilitundika kanzu yangu mwenyewe juani nyumbani, nikamkalisha mdogo wangu kwenye kivuli cha mabati, nikamwekea kitambaa cha buibui pembeni. Nikasogea na kamera hadi kila kitu kikajaza kioo peke yake, kimoja baada ya kingine. Hii ndiyo njia ya kuifanya kamera ya wastani ipime sehemu moja.

Kanzu juani ilitaka f/22 kwa 1/1000. Uso kivulini ulitaka f/8 kwa 1/125. Buibui kivulini, f/8 kwa 1/30.

Wapiga picha huhesabu kwa stopu, na kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu yake. Kutoka buibui hadi uso ni stopu 2. Kutoka uso hadi kanzu ni stopu 6. Jumla 8, ndani ya picha ya watu wawili waliokaa kitako.

Karibu na mwaka 1940 huko California, Ansel Adams na Fred Archer walipanga utaratibu wa kuzitaja rangi za kijivu kwa ngazi, kuanzia 0 iliyo nyeusi kabisa hadi 10 iliyo nyeupe tupu. Ngazi ya 5 ni kijivu cha katikati, na ndiyo pekee kipima mwanga kinachoijua: chochote utakachokipima, kifaa kinadhani ni kijivu cha katikati. Ukipima kanzu kitakupa mwanga wa kuifanya kanzu kijivu. Ukipima buibui nalo litakuwa kijivu. Ngazi ya 3 ndiyo ya chini kabisa ambako kitambaa cheusi bado kinaonyesha nyuzi na mikunjo yake. Ngazi ya 7 ndiyo cheupe kilicho hai, na ya 8 kinaanza kukata roho.

Rudi sasa kwenye f/16 kwa 1/250 yangu. Kanzu ilikuwa stopu 3 juu ya kipimo hicho, ikaanguka ngazi ya 8. Nyuso zilikuwa stopu 3 chini, zikaanguka ngazi ya 2. Buibui lilikuwa stopu 5 chini, likaishia 0. Kwa maneno mengine, kabla sijagusa dawa, macho ya Babu na mikunjo ya buibui la Bibi nilikuwa nimeshavipoteza. Kanzu bado ilikuwa inaokoleka. Niliimalizia kwenye ndoo.

Ngozi yetu inahitaji kusemwa hapa waziwazi. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mdogo kuliko kijivu cha katikati, na mtu mweusi akikaa kando ya nguo nyeupe, wastani wa kamera huifuata nguo. Wengine hujibu kwa kufungua lenzi hadi uso unakuwa mweupe, na wateja wamezoea hivyo. Mimi sikubaliani nao. Kinachotakiwa kwenye negativu ni taarifa: mistari ya kipaji, mng'ao wa shavu, tofauti kati ya chini ya jicho na juu yake. Ikiwa taarifa hiyo ipo, wakati wa kuchapa utaishusha ngozi hadi weusi wake halisi, na itashuka ikiwa na uhai. Weusi uliotokana na kukosa mwanga ni giza tu, halina mtu ndani yake.

Kuna kipimo kingine chepesi kwa asiyeweza kumsogelea mtu usoni, hasa wazee ambao si adabu kuwachomekea kamera puani. Pima kiganja chako mwenyewe, kikiwa kwenye mwanga uleule waliokaa. Viganja havitofautiani sana kati ya mtu na mtu kama nyuso zinavyotofautiana, na kwa kawaida huwa angavu kuliko kijivu cha katikati kwa kama stopu 1. Pima, kisha fungua stopu 1. Jaribu kwanza ukilinganisha na kamera yako, baada ya hapo kiganja utatembea nacho siku zote.

Maji

Kosa la kwanza lilikuwa la macho. La pili lilikuwa la ndoo, na ndilo naliona kuwa la kwetu hasa.

Dakika 7.5 za HP5 Plus ndani ya ID-11 isiyochanganywa zimeandikwa kwa dawa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Nilipoyapima maji ya uani kesho yake, saa ileile ya usiku, yalikuwa nyuzi 29. Ilford wenyewe wanatoa mfano kwenye karatasi zao: kazi ya dakika 4 kwa nyuzi 20 inakuwa dakika 3 kwa nyuzi 23. Maana yake kila nyuzi 3 zinakula robo ya muda uliobaki. Kutoka 20 hadi 29 ni nyuzi 9, robo mara tatu, na dakika 7.5 zinapungua hadi dakika 3 na sekunde chache. Mimi niliziacha zote 7.5. Nilisafisha zaidi ya mara mbili ya ilivyotakiwa, tena nikitikisa kila nusu dakika wakati muda ule umepangwa kwa kutikisa sekunde 10 za mwanzo wa kila dakika. Kanzu iliyokuwa ngazi ya 8 ingepona vipi?

Mtu anaweza kusema, basi safisha dakika 3 kwa nyuzi 29. Hapana. Muda ukiwa chini ya dakika 5 dawa haipati nafasi ya kusambaa sawasawa, na sekunde zinazopotea wakati wa kumimina na kumwaga zinakuwa sehemu kubwa ya kazi. Utapata mistari angani na kwenye kuta. Pia jelatini hulainika kwenye joto, na mkanda laini huchunika hata kwa kucha. Zamani, wakati viyoyozi ni vichache na utando wa mikanda ni dhaifu kuliko wa leo, kulikuwa na dawa maalumu za nchi za joto zilizotiwa salfeti ya sodiamu ili kuzuia jelatini isivimbe, na maji ya aluni ya kromi ya kuikaza. Mikanda ya sasa ina utando uliokazwa tangu kiwandani. Lakini hata huo, ukiutoa kwenye dawa ya moto na kuutumbukiza ghafla kwenye maji ya friji, unaweza kukunjamana kama ngozi ya maziwa, na mkunjo huo hauondoki.

Suluhisho langu halikuwa kukimbilia 20. Nilichagua 24, kwa sababu hiyo ninaweza kuishika kwa beseni na chupa za barafu tangu dawa ya kwanza hadi suuza la mwisho, na kwa sababu maji ya kusuuzia yanapaswa kubaki ndani ya nyuzi 5 za dawa. Nyuzi 24 na ndoo ya 29 zinaweza kuishi pamoja. Nyuzi 20 na 29 haziwezi. Kwanza nilijaribu mtungi wa udongo. Mtungi hupoza kwa maji kuvukizwa juu ya ukuta wake, na hewa yetu ya pwani mwezi Machi imejaa unyevu, kwa hiyo ulishusha nyuzi chache tu. Ulisaidia kwa maji ya kusuuzia. Kwa dawa nilitumia chupa za plastiki zilizogandishwa, zikielea ndani ya beseni pamoja na chupa za dawa. Barafu yenyewe haiingii ndani ya dawa hata kidogo, maana inayeyuka na kuipunguza nguvu, nawe hutajua kwa kiasi gani.

Na dawa nikaichanganya sawa kwa sawa na maji. ID-11 ya 1+1 kwa HP5 Plus ni dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24, kwa hesabu ileile, ni kama dakika 9. Hiyo ni nafasi ya kufanya kazi bila pupa. Dawa iliyochanganywa hutumika mara moja, ikamwagwa.

Suala la maji lina upande mwingine, nao ni chumvi. Visima vingi hapa mjini vina maji ya magadi, na hata kama mkanda umesafishwa vizuri, matone yakikaukia juu yake huacha madoa meupe yasiyotoka. Nakorogea dawa na kusuuzia mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea kwenye betri yanayouzwa gereji. Soma chupa vizuri: asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa za kufanana.

Mara ya pili

Hina hukaa mikononi wiki moja hadi mbili kabla ya kufifia. Nilikuwa na mkanda mmoja uliobaki na siku chache. Niliwaambia wazee ukweli, kwamba picha zimeungua na kosa ni langu. Babu aliuliza nije lini. Bibi hakusema kitu, alitazama viganja vyake.

Kabla ya kurudi kwao nilitumia fremu 6 za mwanzo za mkanda huo kwa mdogo wangu, kanzu na buibui, nikazikata gizani, nikazisafisha peke yake kwa dakika 9 za nyuzi 24. Inauma kutoa fremu 6 kati ya 36, lakini hizo 6 ndizo zilizoniambia kwamba muda bado ni mwingi kidogo: namba za pembeni zilikuwa safi, ila darizi ya kanzu ilikuwa inaanza kuzama. Nikakata takriban sehemu ya sita, nikaweka dakika 7 na nusu.

Dawa ya kwanza kwa picha ile, hata hivyo, haikuwa kwenye chupa. Ilikuwa saa. Nilikwenda saa kumi alasiri. Nyumba inatazama mashariki, kwa hiyo saa hiyo jua liko nyuma yake, na baraza lote limeingia kivulini pamoja na kanzu. Ukuta wa nyumba ya jirani upande wa pili wa njia, uliopakwa chokaa ya rangi ya maziwa, ulikuwa unapigwa na jua moja kwa moja na kuurudisha mwanga barazani, laini na kwa kimo cha uso. Mwanga wa utosini huyafukia macho. Huu uliingia hadi ndani ya kope. Nilijilaumu sana kwamba nilikaa kwenye baraza lile wiki iliyotangulia nisiuone ukuta ule.

Nilipima nikiwa karibu, baada ya kuomba ruhusa. Uso wa Babu, f/5.6 kwa 1/125. Kanzu, f/8 kwa 1/500, yaani stopu 3 juu. Buibui, f/5.6 kwa 1/30, stopu 2 chini. Stopu 5 badala ya 8, kwa kubadilisha saa ya kukaa.

Uamuzi ulibaki mmoja: uso niuweke wapi? Kwa weusi wa Babu mahali pake halisi ni ngazi ya 4. Ningeuweka hapo, buibui lingekuwa ngazi ya 2, na mikunjo yake ingekuwa ya kubahatisha. Nikauweka ngazi ya 5, yaani nikatumia kipimo cha uso kama kilivyo. Buibui likakaa 3, panapotakiwa. Kanzu ikapanda hadi 8, na hiyo ndiyo sababu ya kukata muda wa dawa: kuishusha kuelekea 7 huku nyuso na buibui vikibaki karibu palepale. Wale wanaouweka HP5 Plus kwenye ISO 200 na kupunguza muda wa kusafisha wanafanya jambo hilihili bila kulitaja kwa ngazi.

Nilisafisha usiku, baada ya joto la chumba kushuka na mikono kukauka. Jasho ndani ya mfuko mweusi hufanya mkanda unate kwenye spuli ya plastiki, na ukinata gizani hujui umenata wapi. Nikageuza tangi mara 4 mwanzoni mwa kila dakika. Siki ya dukani iliyopunguzwa kwa maji ilisimamisha dawa. Fiksa, dawa ya kuifanya picha isiharibiwe tena na mwanga, ilikaa mara mbili ya muda uliochukua kipande cha mkanda kuwa angavu. Kusuuza nikafuata njia ya Ilford isiyopoteza maji: jaza na geuza mara 5, mwaga, jaza na geuza mara 10, mwaga, jaza na geuza mara 20, mwaga. Nikautundika bafuni, mlango umefungwa, mbali na vumbi la njia.

Asubuhi nilianza na kingo. Namba zilikuwa nyeusi, kali, hazijavimba. Nikalaza fremu ya tatu juu ya gazeti. Kupitia kanzu nilisoma kichwa cha habari na, kwa kukaza macho, mistari iliyo chini yake. Kwenye buibui kulikuwa na utando mwepesi wa kijivu, na ndani yake mkunjo wa kiwiko.

Ilichapika kwenye karatasi ya gredi ya 2, ile ya kawaida kwa tofauti ya weusi na weupe, bila kuhangaika. Niliupa uso sekunde chache zaidi chini ya mashine ya kukuzia hadi ukawa weusi wa Babu ninaemfahamu, na mistari ya kipaji haikupotea. Darizi ya shingoni, nyeupe juu ya nyeupe, inahesabika.

Hina ndiyo iliyobaki kunisumbua. Kwenye picha hiyo nzuri bado ilikuwa hafifu. Sababu haikuwa mwangaza wala dawa. Hina ni nyekundu ya kahawia juu ya ngozi ya kahawia, na mkanda mweusi na mweupe hauoni rangi, unaona wingi wa mwanga tu, na vitu hivyo viwili vilirudisha mwanga wa karibu kiasi kimoja. Hilo nilikuwa nimelifikiria njiani alasiri ile, kwa hiyo fremu 4 za mwisho nilizipiga kwa mikono ya Bibi peke yake, kamera juu ya miguu mitatu, kichujio cha kijani mbele ya lenzi. Kijani huzuia nyekundu. Hina hushuka ngazi kadhaa, ngozi nayo hushuka lakini kwa uchache. Nilipima kupitia kichujio chenyewe, nikafungua nusu stopu zaidi, nikamwomba atulize vidole.

Nilimpelekea picha mbili. Ile ya barazani aliitazama, akampa Babu. Ya mikono alibaki nayo, akaigeuzia dirishani, akaanza kuyafuata maua kwa ncha ya kidole kuanzia kwenye kifundo cha mkono, moja baada ya jingine. Kwenye mikono yenyewe yalikuwa yameshaanza kufifia.